Ukiitikisa Betri, Gari Ndilo Litikisike

Vijana, nimeiona picha mliyonitumia kwa simu. Nimeivuta ikawa kubwa, nikaiangalia na miwani, kisha nikaiangalia bila miwani. Ni ile ile. Mmetoa betri ya pikapu mbele, mkaiweka nyuma ya kiti, mkaifunga na blada. Kwa atakayesoma hii na hajui, blada ni ile kamba inayokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu ya gurudumu. Hapa Eastlands tunafunga nayo kila kitu: kreti za mkate kwa baiskeli, kitanda kwa mkokoteni, kuku. Kwa kuku sina neno.

Halafu mkaniuliza, "Buda, hii imeshika?"

Haijashika. Mpira huvutika, ndiyo kazi yake. Mkipita kwenye tuta betri inaruka, mpira unairudisha. Mnafurahi, mnasema imeshika. Lakini joto na asidi vinaula ule mpira polepole, na siku moja betri inaruka na hakuna wa kuirudisha.

Mmesema pia niandike, kwa sababu nikiongea nakasirika. Sawa, naandika. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo mkiona kosa la herufi liacheni lilivyo. Mkiona kosa la waya, niiteni. Hamtaniita.

Kipimo cha betri ni kimoja. Ishike kwa mikono miwili uitikise kama mtu anayetaka kuing'oa. Betri ikicheza, hujafunga. Gari likitikisika, umefunga.

Hiki kipimo nilipewa na Mzee Odera, aliyenifundisha kazi pale Baba Dogo. Alikuwa fundi wa reli kabla ya kuweka banda lake, na alizoea vitu ambavyo havitikisiki. Siku moja nilimwambia betri ni nzito, itajikalia yenyewe kwa uzito wake, kuifunga sana ni kupoteza bolti. Hakubishana nami. Tulikuwa tunaenda Njiru na lori la mteja, na barabara ya wakati huo ilikuwa mashimo yaliyoshikana mikono. Akanikalisha nyuma ya lori, akaniwekea betri mapajani, akasema, "Hiyo ni nzito, itajikalia." Akaenda kukaa mbele na dereva.

Niliikumbatia mpaka Njiru. Nilipofika mikono ilikuwa hainijui. Suruali ilionekana nzima kabisa, nikajiona nimeponea. Mke wangu alipoifua, ilitoka kwenye karai ikiwa wavu. Asidi haina haraka, husubiri maji ya kufua. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani huko Baba Dogo. Nikamwambia umeme.

Tangu siku hiyo sijawahi kuacha kitu kwenye gari kijikalie.

Sasa niwaambie habari ya pikapu ya Mama Shiro, kwa sababu kila kitu mlichokosea kwenye ile picha kilipita kwenye pikapu hiyo kabla yenu.

Mama Shiro alikuwa anaishi Lucky Summer, ghorofa ya tatu, na alikuwa na pikapu kuukuu iliyobeba sanduku la bati la nyama. Kazi yake ilikuwa kuchukua nyama machinjioni, upande ule wa Njiru, na kuifikisha kwa mabucha wa Soko la Burma kabla jua halijapanda. Dereva wake alikuwa Musyoka, kijana mrefu, mpole, anayesema ukweli wakati usiofaa.

Pikapu ile ilikuwa na shida moja, boneti. Kufuli ya boneti ilikufa zamani na sasa ilifunguka kwa kijiko. Sisemi kwa mzaha, Musyoka alikuwa na kijiko chake hapo kwenye dashibodi. Lakini wezi wa Lucky Summer nao wana vijiko nyumbani kwao. Betri ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Ya tatu, Mama Shiro akafanya kama wanavyofanya wengi mtaani: kila jioni Musyoka anaifungua, anaibeba ngazi mpaka ghorofa ya tatu, inalala chini ya kitanda cha Mama Shiro. Alfajiri anaishusha.

Sasa mwenye akili ataona kilichofuata. Ukifungua nati kila jioni na kuikaza kila alfajiri gizani, nati inakwisha meno. Nati ikikwisha meno, unatafuta kitu chepesi cha kufunga na kufungua. Musyoka akatafuta. Akapata blada.

Ikashika, kama yenu. Kisha asubuhi moja, nyama ikiwa imejaa, akapita kwenye tuta ambalo lilikuwa limejengwa jana yake bila kumwambia. Betri ikaruka, vichwa vyake vya kufungia waya vikagusa bati la boneti, cheche, moshi, kimya. Nyama ikafika Burma jua likiwa juu ya paa za mabati. Mwenye bucha kubwa, yule aliyewasemea wenzake wote, akaibonyeza kwa kidole, akanusa kidole, akamwambia Mama Shiro: "Hii nimepokea. Siku nyingine jua likitangulia kufika kabla yako, usihangaike kuja tena. Kuna wengi wenye magari."

Hapo ndipo Mama Shiro alipoletwa kwangu. Kwa kweli alijileta mwenyewe. Alikuwa amewasomesha watoto wake wote na ile pikapu, na mdogo alikuwa bado shuleni. Kazi ya Burma ikienda, hakukuwa na nyingine.

"Baba Naliaka," akaniambia, "nataka uhamishe hiyo betri. Uiweke mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria."

"Mwizi hufikiria mahali pote, Mama Shiro. Ndiyo kazi yake."

"Basi iweke chini ya kiti changu. Nitaikalia."

Nikamweleza kwamba kiti cha pikapu kuukuu kina springi chini, na zile za kwake zimechoka. Mtu akikaa zinashuka. Zikishuka zikagusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja, springi inageuka jiko, na godoro la kiti liko hapo juu yake. Tena betri ikichajiwa hutoa gesi, na gesi hiyo haifai kufungiwa kwenye kabini na watu.

Musyoka akakohoa. Mama Shiro akaniangalia.

"Unasema mimi ni mzito?"

"Nasema springi zimechoka."

"Nimekuuliza swali."

"Nami nimejibu habari ya springi."

"Basi weka ndani ya sanduku la nyama. Kona ya mbele."

"Mathe, hapana," Musyoka akasema. "Mkaguzi akipata kitu humo ambacho si nyama, anatufungia gari. Juzi alinifukuza na koti langu."

"Koti lilikuwa linafanya nini na nyama?"

"Lilikuwa linakauka."

Basi tukabaki na chini. Nikaingia chini ya gari, nikalala pale nikiangalia. Vijana, hiyo ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu ambayo hamfanyi. Kabla ya kushika spana, lala chini uangalie. Kushoto kulikuwa na ekzosi. Betri haikai jirani na ekzosi. Nyuma kulikuwa na tangi la mafuta. Hapo hata usiniulize. Kulia, nyuma ya kabini, palikuwa pamechukuliwa na kishikio cha gurudumu la akiba. Baada yake, karibu na gurudumu la nyuma, kulikuwa na nafasi nzuri kando ya chesisi, kama iliyoandaliwa. Juu yake kulikuwa na kipande kifupi cha bomba kinachotoka kwenye sakafu ya sanduku la nyama, kimezibwa na kitambaa. Kitu kilichozibwa mimi sikizibui. Aliyekiziba ana sababu zake.

Nikatengeneza kiti cha chuma cha pembe, kipana kuliko betri kidogo tu, nikaweka mpira mnene chini ili betri isipigane na chuma. Sikukichomelea kwenye chesisi. Nilitumia matundu ambayo kiwanda kilishatoboa, nikapitisha bolti nene zenye nati za kujifunga. Ukitoboa chesisi ovyo unaidhoofisha, na ukiichomelea unaweza kuifanya ikatike mahali ambapo hukuchomelea. Juu ya betri nikapitisha upau wa chuma, nikauvisha mpira ili usiguse vichwa, nikaukaza kwa fimbo mbili zenye nyuzi. Kisha nikaizungushia sanduku la bati gumu, na kifuniko chenye kufuli. Kando, chini ya kifuniko, nikatoboa matundu ya kupumua, na matundu mengine chini ya kutoa maji.

Waya ndio huwaua wengi. Betri ikienda mbali, waya unakuwa mrefu, na waya mrefu ukiwa mwembamba unachoka njiani. Starta inapata salamu tu. Tumia waya mnene kama wa mashine ya kuchomelea. Weka fyuzi kubwa karibu na betri, si karibu na injini, kwa sababu waya ukikwaruzwa katikati ya safari unataka moto ukatwe pale unapotoka. Kila mahali waya unapopita kwenye bati, uvishe mpira. Waya mweusi, ule wa bodi, kwangua rangi ya chesisi mpaka chuma kicheke, ndipo uufunge. Na kutoka chesisi uweke mwingine mpaka kwenye injini, kwa sababu injini imekalia raba na raba haipitishi umeme. Mweusi ndio hutoka kwanza na kurudi mwisho. Nimeona mtu aliyeanza na mwekundu, spana ikagusa bodi. Pete yake ya ndoa ilibidi ikatwe kwa msumeno.

Nilipomaliza nikashika betri, nikatikisa. Pikapu yote ikayumba, na Musyoka aliyekuwa amelala ndani akatoka nje akiuliza kama ni tetemeko.

Kazi ilikuwa nzuri. Sijidai, nasema ilivyokuwa. Wezi walifungua boneti kwa kijiko kama kawaida, wakakuta mahali patupu. Kesho yake wakaifungua tena kuhakikisha. Mama Shiro akaacha kulala na betri, Musyoka akaacha kupanda ngazi.

Baada ya muda akaja Musyoka kwenye banda langu.

"Mzee, hiyo betri umeipaka nini?"

"Grisi."

"Grisi ya nini? Mbwa wanaipenda."

Akasema kila jioni pikapu ikifika, mbwa wa mtaa wanaingia chini yake na kulala hapo mpaka alfajiri, vichwa vikielekea kwenye lile sanduku la betri. Wengine wanalilamba. Nikamwambia mbwa hupenda kivuli. Akaniambia jioni hakuna kivuli. Nilikuwa na kazi mkononi, nikamwambia aende.

Kisha asubuhi moja simu ikalia kabla sijanywa chai. Ni Mama Shiro, na kwa mara ya kwanza hakunisalimu.

"Tuko machinjioni. Nyama iko ndani. Gari halitaki. Baba Naliaka, jua linakuja."

Nikachukua pikipiki. Njiani mwenye pikipiki alitaka kunisimulia habari za shamba lake, nikamwomba asimulie akiwa anakimbia.

Nilipofika Mama Shiro alikuwa amesimama kando ya gari, mikono ameifunga kifuani, haangalii gari, anaangalia upande wa mashariki. Nikaingia chini na kufungua kufuli. Vijana, nimeona mengi. Vichwa vya betri havikuonekana. Kulikuwa na donge la unga wa kijani, na juu yake mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, meupe, kama keki ya harusi ya watu maskini.

"Musyoka," nikasema nikiwa kule chini, "lile bomba lilikuwa na kitambaa."

"Mkaguzi alisema nikitoe. Maji yalikuwa yanasimama na nyama."

"Na mimi ulipanga kuniambia lini?"

"Nilikuambia mbwa wanaipenda."

Hiyo ilikuwa kweli. Maji ya nyama yalikuwa yanatoka kwenye bomba, yanaanguka juu ya sanduku, yanateremka ubavuni na kuingia kwa matundu yangu ya kupumua. Maji ya nyama yana chumvi. Chumvi na madini ya risasi ya vichwa vya betri havipatani.

Sasa sikilizeni, hili mtalihitaji. Kulikuwa na mama anayeuza chai na githeri pale mlangoni. Nikamwendea. Sikumwomba chai. Nilimwomba maji ya moto na magadi, yale anayotia kwenye githeri ili mahindi yalainike.

"Magadi ya nini?"

"Ya betri."

"Betri yenu ni ngumu hivyo?" Akanipa.

Nikatoa mweusi kwanza, kisha mwekundu. Magadi kwenye maji ya moto, unamwaga taratibu juu ya vichwa, huku vifuniko vya betri vimekazwa ili yasiingie ndani, maana yakiingia ndani yanaiua betri yenyewe. Yale mambo ya kijani yakachemka, yakatoa povu, yakayeyuka. Nikasuuza, nikakausha kwa shati langu, nikakwangua vichwa kwa kisu mpaka vikang'aa. Mwekundu, kisha mweusi. Nikakaza. Mama Shiro alisimama kando muda huo wote. Nilikuwa naona viatu vyake tu. Havikusogea.

"Washa."

Musyoka akawasha. Ikakohoa, ikakubali. Viatu vya Mama Shiro vikaondoka mbio kuelekea mlango wa mbele, na mimi nikabaki nimelala barabarani na kisu mkononi. Ilibidi nipige kelele ndipo wakanisubiri.

Tulifika Burma jua likiwa limetoa kichwa, lakini bado halijagusa paa. Mwenye bucha alikuwa amesimama nje na aproni yake. Akabonyeza nyama kwa kidole, akanusa kidole. Akaangalia jua. Akaniangalia mimi, mwenye shati la kijani ambalo asubuhi lilikuwa jeupe.

"Huyu naye ni nani?"

"Ni fundi wa betri," Mama Shiro akasema.

"Asiguse nyama." Akaanza kupakua. Hiyo ilikuwa ndiyo.

Jioni tukakaa bandani kwangu. Nikawaambia kazi ni rahisi: kishikio cha gurudumu la akiba tunakitoa, gurudumu linaenda juu ya kabini, betri inasogea mbele mpaka pale, mbali na bomba. Sanduku la zamani tunalitoa.

"Hapana," Mama Shiro akasema. "Sanduku libaki."

"La kazi gani?"

"Mbwa. Tangu waanze kulala pale, hakuna mtu amegusa gari yangu. Hata boneti hawafungui tena. Ukitoa sanduku, mbwa wataenda, wezi watarudi, watatafuta, watapata."

Nikafikiria. Sikupenda, lakini alikuwa amefikiria vizuri kuliko mimi. Basi nikahamisha betri mbele, kiti kipya, waya mfupi zaidi, mambo yote upya, nikatikisa, gari likayumba. Sanduku la zamani likabaki chini ya bomba na kufuli yake. Lakini bati tupu hulia likigongwa, mwizi akiligonga atajua. Nikatafuta jiwe lenye ukubwa wa betri, nikaliweka ndani, nikashusha ule upau wa chuma juu yake, nikaanza kukaza nati.

Mama Shiro akachungulia. "Jiwe unalifunga na bolti?"

"Liko kwenye gari."

"Nani ataiba jiwe?"

Nikaendelea kukaza.

Mbwa wakaendelea kulala pale, na mambo yakakaa kimya mpaka msimu wa mvua. Ukaja usiku wa mvua kubwa, hata mbwa wakakimbilia kwenye vibaraza. Alfajiri Musyoka akakuta kufuli imekatwa, kifuniko kiko wazi, na mvua inanyesha juu ya jiwe. Wezi walikuwa wamelipapasa gizani, wakaona ni zito, limefungwa vizuri, na kitu kilichofungwa hivyo lazima kiwe cha maana. Wakajaribu kulifungua. Nati moja ilikuwa imekubali robo mzunguko, na spana yao ilikuwa bado imeng'ang'ania hapo hapo. Walipigana na hilo jiwe mpaka wakachoka, au mpaka kukakaribia kucha.

Musyoka alinipigia akiwa bado pale, akacheka mpaka simu ikakatika. Kabla ya hapo nilimwambia awashe gari. Nikalisikia likiwaka mara moja. Nyama ilifika Burma jua likiwa bado limelala huko Njiru.

Akaniletea ile spana jioni. Namba kumi na tatu, nzito, ya chuma kizuri cha zamani. Ninayo mpaka leo. Mkija kuichukua kwa ajili ya ile betri yenu ya kwenye picha, njooni bila blada.